Usifute Kwanza: Mhadhara Kuhusu Programu Zinazogoma Kwenye Kompyuta

 

Jambo nililoombwa kulizungumza linaonekana dogo. Mtu ana kompyuta ya mezani na anataka kujifunza kuandika programu. Anapakua lugha ya programu, siku hizi mara nyingi ni Python, anaisakinisha, anajaribu kuifungua, haifunguki. Tazameni kinachofuata. Anaifuta na kuisakinisha tena. Ikigoma, anapakua faili jipya, akidhani la kwanza lilikuwa bovu. Ikigoma mara ya tatu anabeba kompyuta hadi kwa fundi, na fundi, Mungu amsaidie, anapiga Windows upya. Picha za familia zimekwenda, mitihani ya muhula uliopita imekwenda, na Python bado haifunguki, maana tatizo halikuwa kwenye Windows wala kwenye faili.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba kufuta na kusakinisha upya ni kubahatisha, na kubahatisha kwetu huku Kibiti kunagharimu kuliko Dar es Salaam. Kule mtu akikosea anapakua tena kwa mtandao wa ofisi, anakunywa chai, anaendelea. Huku faili limenunuliwa kwa bando, limewekwa kwenye flashi Kibiti mjini, limepanda bodaboda hadi Nyamisati, limepanda boti, na limefika kisiwani mkononi mwa mwalimu mwenye vipindi kesho asubuhi. Kisakinishi cha Python chenyewe si kikubwa, ni megabaiti ishirini na kitu. Lakini Anaconda, ambayo vijana wengi huelekezwa na video za YouTube waipakue, inakaribia gigabaiti nzima. Mtu akiifuta kwa hasira, amechoma pesa.

Na sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kupima kabla ya kutibu. Nchi hii tuliyokaa, tangu ilipokuwa yote ni Rufiji na Kibiti haijawa wilaya, inatajwa katika vitabu vya afya duniani kwa sababu hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa la kihasibu kabisa: halmashauri ikiongezewa fedha kidogo, zisizozidi dola 2 kwa mtu kwa mwaka, ikazitumia kwa kufuata takwimu za magonjwa ya watu wake wenyewe, vifo vitapungua? Halmashauri hazikuweza hata kuzimaliza hizo dola 2. Zilitumia kama senti 80 tu. Na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kama mitano.

Takwimu zilitoka wapi? Ikwiriri. Kuanzia mwaka 1998 kituo cha utafiti cha pale, kilicho leo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza kuandikisha kaya moja baada ya nyingine na kuzitembelea kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahamia, nani kafa. Wengi kati ya waliofia nyumbani hawakuwa na cheti wala daktari aliyewaona. Kwa hiyo mhojaji alikwenda kwa wafiwa na fomu, akauliza dalili moja moja kwa mpangilio: homa ilianza lini, mtoto alikohoa, alitapika, alipoteza fahamu? Fomu ile ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana aliitwa wa tatu. Mama wa mtoto angeweza kusema kilichomwua mwanawe ni degedege. Daktari hakubishana naye, alisoma dalili alizozitaja, na mara nyingi akaandika malaria. Ndipo fedha zikaelekezwa kwenye vyandarua na kwenye kuwafundisha watabibu wa zahanati namna ya kumtazama mtoto mgonjwa.

Nawaombeni mshike mfano huu mmoja tu kwa muda wote nitakaozungumza. Mtu anayesema "Python imegoma" anasema degedege. Hadanganyi, ameona alichokiona. Ila jina hilo halitoshi kutoa dawa.

Sasa tuingie chumba cha kompyuta. Kuna shule moja upande wa visiwani, sitaitaja, ina kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, mashine nzuri tu zenye Windows 10, zinazokula umeme wa sola kupitia inveta. Mwalimu wa somo la kompyuta alipakua Python akiwa mjini, akavuka nayo kwenye flashi. Akasakinisha, na dirisha la kisakinishi likampongeza kwamba kazi imekamilika. Akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika python, akabonyeza Enter. Kilichofunguka ni duka la Microsoft, ukurasa mweupe, ukimwambia hana mtandao.

Mwalimu yule ni mtu makini, na hitimisho lake lilikuwa na mantiki: Python haifanyi kazi bila intaneti, kwa hiyo haifai kisiwani. Akawaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wa shule ya jirani. Somo likarudi ubaoni. Watoto wakaandika programu kwa kalamu kwenye daftari, mwalimu akazisahihisha kwa wino mwekundu, na hakuna hata moja iliyowahi kuendeshwa.

Python ilikuwamo ndani ya mashine ile muda wote, nzima, haihitaji intaneti hata chembe. Kilichotokea ni hiki. Unapoandika neno kwenye dirisha la amri, Windows haiendi kupekua diski nzima. Inaangalia kwanza folda uliyomo, kisha inafuata orodha ya folda inayoitwa PATH, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, na ya kwanza kukutwa na faili lenye jina hilo ndiyo inayotumika. Haiendelei kutafuta lililo bora zaidi, wala haikuulizi. Sasa, kisakinishi cha Python kina kisanduku kidogo chini kabisa ya dirisha lake la kwanza, kinachouliza kama unataka folda ya Python iingizwe kwenye PATH. Kisanduku hicho huja bila tiki. Mtu anayeharakisha hubonyeza kitufe kikubwa cha juu na kupita. Na tangu mwaka 2019 Windows 10 huja na kifaili kiitwacho python.exe ambacho si Python. Kazi yake ni kukupeleka dukani tu. Folda ya kifaili hicho tayari imo kwenye PATH. Kwa hiyo mwalimu alipoita python, aliyeitika ni yule bandia.

Angejuaje? Kwa amri moja: where python. Amri hiyo inakuonyesha kila python.exe anayeonekana kupitia PATH, kwa mpangilio uleule ambao Windows inautumia. Jibu likija na folda ya WindowsApps peke yake, umeshapata chanzo na hujafuta kitu. Amri ya pili ni py, herufi mbili tu. Kisakinishi huweka kiendeshaji hicho mahali pake pa kujitegemea, na mara nyingi huitika hata pale python isipoitika. Ukiandika py -0p kitakuorodheshea kila Python iliyosakinishwa na folda ilimo. Katika kisa chetu, amri hiyo ilionyesha Python mbili, kwa sababu kabla ya kukata tamaa mwalimu alikuwa ameisakinisha mara ya pili kwa toleo jingine.

Dawa yake nayo haikuhitaji bando. Unaendesha kisakinishi kilekile kilicho kwenye flashi, unachagua kubadilisha (Modify), na kwenye ukurasa wa pili wa machaguo unaweka tiki inayohusu PATH. Halafu, na hapa wengi hukwama, unafunga dirisha jeusi na kufungua jingine. Dirisha lililofunguliwa kabla ya marekebisho linaendelea na orodha ya zamani hadi lifungwe. Nimeona watu wakitengeneza vizuri kabisa, wakajaribu kwenye dirisha lilelile la mwanzo, likagoma, wakabomoa walichokwisha kutengeneza. Ukitaka kumwondoa na yule bandia, nenda kwenye mipangilio ya Windows, upande wa programu, utafute ukurasa wa App execution aliases, uzime swichi mbili zinazotaja Python.

Nitoe onyo hapa kwa mafundi. Kuna amri inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya kuongeza folda kwenye PATH kwa kutumia setx. Inafanya kazi kwenye mashine yenye orodha fupi. Orodha ikiwa ndefu, setx hukata kila kinachozidi herufi 1,024 na kuhifadhi kilichobaki, na onyo lake ni mstari mmoja ambao hakuna anayeusoma. Ulikuja kutibu Python, umeondoka umeua programu ya printa. Tumieni dirisha la mipangilio ya mazingira ya mfumo, muongeze mstari mmoja kwa mkono, na kabla ya hapo mnakili orodha yote kwenye faili la maandishi.

Msidhani tabia ya kuhukumu kabla ya kuchunguza ni ya watu wadogo. Serikali yetu iliingiza kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu kuvurugika kwenye mashine za Hazina, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Waliochambua baadaye walitaja uhaba wa wataalamu wa nyumbani na utegemezi wa wageni walioondoka na maarifa yao. Hayo ni maradhi yenye tiba inayojulikana, nayo ni kufundisha watu. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kufuta. Wapo wazee humu waliosoma chuo miaka ile na wanajua tulivyochelewa.

Turudi kwenye mashine. Ujumbe wa kosa lazima usomwe, lakini nao una mipaka yake, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Mtatoka hapa na kusakinisha maktaba ya takwimu kwa pip, chombo cha Python cha kuletea maktaba, na baadhi yenu mtaletewa maandishi mekundu marefu yanayoishia kudai Microsoft Visual C++ toleo la 14 au zaidi. Kijana mtiifu atakwenda kupakua alichoambiwa, na atakuta ni gigabaiti kadhaa. Ataacha, atasema Python ni ya matajiri.

Ujumbe ule haudanganyi, lakini hausemi chanzo, ni degedege. Kinachotokea ni kwamba pip hutafuta kwanza kifurushi kilichokwisha kutengenezwa kwa ajili ya toleo lako la Python na aina ya Python yako, ya biti 32 au ya biti 64. Ikikikosa, inachukua msimbo ghafi na kujaribu kuutengeneza papo hapo kwenye mashine yako, na kwa hilo inahitaji hivyo vifaa vya C++. Swali la kuuliza basi ni hili: kwa nini kifurushi kimekosekana? Sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Ama una Python mpya mno, iliyotoka juzi, na watunza maktaba bado hawajaifikia. Hapo unarudi toleo moja nyuma. Ama umesakinisha Python ya biti 32 kwenye kompyuta ya biti 64, kwa sababu ndilo faili ulilopewa na rafiki. TensorFlow, kwa mfano, haijawahi kutolewa kwa Windows ya biti 32. Andika python, utazame mstari wa kwanza kabisa unaotokea: toleo limeandikwa pale, na biti zimeandikwa pale. Mstari huo huwa tunauruka kwa sababu hauna rangi nyekundu.

Kuna kisa kingine ambacho mijini hakipo sana na huku ni cha kila siku. Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu, kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032. Kazi yake ni kuilinda saa ya mashine umeme usipokuwapo. Kompyuta iliyopo Dar hata betri hiyo ikichoka haionyeshi haraka, maana umeme uko kwenye waya karibu muda wote. Kompyuta ya sola inayozimwa kabisa kila jioni, au iliyokaa stoo likizo nzima, inategemea betri ile peke yake. Ikifa, kila asubuhi mashine huamka na tarehe iliyowekwa kiwandani, labda mwaka 2009.

Mwalimu anaunganisha simu yake kama hotspoti, anaomba pip ilete maktaba, na pip inajibu kwamba cheti cha usalama cha seva hakikubaliki. Anadhani mtandao wa simu mbovu. Anabadilisha laini, anapanda mti wa mwembe kutafuta mnara, analeta laini ya tatu. Sababu ni kwamba kila cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwa mashine inayoamini tuko 2009 cheti cha leo hakijaanza kutumika. Windows nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, haisahihishi yenyewe tofauti inayozidi saa 15 hata ikipata intaneti. Inaona tofauti hiyo ni kubwa mno kuaminika. Tazama kona ya chini kulia ya skrini. Rekebisha tarehe kwa mkono, pip itapita. Kisha nunua betri, maana kesho tarehe itarudi kulekule.

Sipendi, hata kidogo, ushauri unaotembea mitandaoni wa kuiamuru pip isikague vyeti. Unafanya kazi, ndiyo maana unapendwa. Lakini umeizoesha mashine ya shule kupokea chochote kutoka kwa yeyote kwa sababu ya betri ya bei ya soda.

Kuhusu faili bovu: linaweza kuwa bovu kweli. Umeme hukatika katikati ya kunakili, flashi huchomolewa kabla ya wakati, flashi nyingine za bei rahisi hudai uwezo zisio nao na kumeza nusu ya mlichoweka. Lakini hilo nalo linapimika. Windows ina amri ya certutil -hashfile, unaiandikia jina la faili na neno SHA256, inakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ifanye Kibiti kwenye faili la asili, andika herufi kumi za mwisho kwenye karatasi, uifanye tena kisiwani kwenye faili lililo kwenye flashi. Zikilingana, acheni kulisingizia faili.

Antivairasi nitaipitia haraka. Ikiwa faili limo kwenye flashi na likihamishwa linatoweka, angalieni karantini ya antivairasi kabla ya kulaumu wachawi. Na nenosiri la msimamizi ambalo halmashauri imelihifadhi na aliyelihifadhi amehamishwa Mtwara: Python hailihitaji. Ondoa tiki ya kusakinisha kwa watumiaji wote, itaingia kwenye akaunti yako peke yake.

Maktaba za kuvuka nazo maji ziandaliwe upande huu. Kwenye kompyuta ya mjini yenye toleo lilelile la Python na biti zilezile, andika py -m pip download, kisha jina la maktaba, kisha -d na folda ya flashi. Itashusha maktaba na kila inachokitegemea. Pandas, kwa mfano, haiji bila numpy. Ukifika kisiwani andika py -m pip install --no-index --find-links= na folda hiyohiyo, halafu jina. Hapo pip haitagusa mtandao kabisa. Matoleo yakitofautiana, pip itakuambia haikuona kifurushi kinachofaa, hata kama unakiona kwa macho yako kwenye flashi. Jina la faili la kifurushi limebeba toleo na biti ndani yake. Lisomeni kabla hamjapanda boti.

Na mtumie py -m pip, si pip tupu. Mashine ya mwalimu wetu ilikuwa na Python mbili, mnakumbuka. Pip tupu inaweza kuwa ya ile moja, na programu inayoendeshwa ikawa ya ile nyingine. Mwanafunzi anasakinisha maktaba, anaambiwa imefaulu, anaendesha programu yake, anaambiwa maktaba haipo. Anaisakinisha tena, anaambiwa tayari ipo. Hakuna kitu kinachomvunja moyo mtoto kama kuambiwa mambo mawili yanayopingana na mashine inayosifiwa kwamba haikosei.

Niseme neno kuhusu Ikwiriri tena, kwa sababu vijana hudhani matatizo haya yamekuja na Python. Mfumo wa kwanza wa kuhifadhi takwimu zile za kaya uliitwa HRS. Ulitoka Navrongo, kaskazini mwa Ghana, ulikotengenezwa na kituo cha utafiti cha huko pamoja na Population Council, na uliandikwa kwa FoxPro. Programu ya Visual FoxPro haiendi peke yake, inadai mafaili ya msaada ya lugha yenyewe. Ukinakili programu kwenye mashine mpya bila mafaili hayo, inakuambia wazi kwamba haikuipata maktaba yake ya msaada. Haijaharibika, haijaipata. Na kulikuwa na ukomo mwingine uliojificha: jedwali moja la FoxPro halivuki gigabaiti 2. Microsoft ilitangaza mwaka 2007 kwamba haitatoa toleo jingine, na msaada wa toleo la 9 ukaisha Januari 2015.

Mifumo iliyofuata, OpenHDS ya kuhifadhi takwimu za kaya na DHIS2 inayotumiwa na wizara kukusanyia takwimu za vituo vya afya, imeandikwa kwa Java. Atakayewahi kuhudumia seva ya namna hiyo atakutana na JAVA_HOME, mpangilio unaoiambia mashine Java iko wapi. Ni kosa lilelile la kutafuta mahali pasipo: watu huielekeza kwenye folda ya bin, wakati inatakiwa ielekezwe folda moja juu yake. Mashine inasema Java haipo, na Java ipo mbele ya macho.

Sasa namna ya kuomba msaada, maana hakuna anayeyajua yote haya na kuuliza si ujinga. Ujumbe unaosema "Kaka shikamoo, Python imegoma, nisaidie" humfanya fundi naye abahatishe, na fundi aliye mbali akibahatisha atakuambia ufute. Mpelekee picha ya skrini nzima, si ya mstari mmoja. Mwambie Windows yako ni ipi na ya biti ngapi, ulichoandika neno kwa neno, na kilichobadilika tangu siku ilipofanya kazi mara ya mwisho. Kosa likitoka ndani ya Python, mstari wenye maana zaidi huwa wa mwisho kabisa, wakati wengi hupiga picha ya juu. Ujumbe wenyewe uko kwa Kiingereza, najua. Ni sentensi fupi, zinajirudia, na mwalimu wa Kiingereza yuko chumba cha pili.

Ningependa pia kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari la jalada gumu, limefungwa kwa kamba kwenye meza ili lisitembee. Safu nne: tarehe, mashine namba ngapi, ujumbe ulivyosomeka, kilichokuwa chanzo. Safu ya dawa sijaiweka kwa makusudi. Chanzo kikiandikwa sawasawa, dawa hujulikana. Dawa ikiandikwa bila chanzo, mwakani mtu ataitumia kwenye maradhi mengine. Shule mbili zikiwa na madaftari hayo na walimu wake wakikutana Nyamisati wakisubiri boti, wana cha kubadilishana.

Kabla sijaketi nimjibu mwalimu wa Bungu aliyeleta kikaratasi. Anauliza afanye nini na kompyuta zake za Windows 7, ambazo kila kisakinishi kinazikataa. Mwalimu, hazina ubovu. Kuanzia Python 3.9, iliyotoka Oktoba 2020, Windows 7 haimo tena kwenye hesabu, na kuanzia 3.13 inatakiwa Windows 10 au zaidi. Chukua Python 3.8, ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7, nayo inadai mashine iwe na Service Pack 1. Ikilalamika kwamba faili linaloanza na api-ms-win-crt limekosekana, basi Windows yako imekosa sasisho la KB2999226. Lipakuliwe mara moja, libaki kwenye flashi ya shule. Python 3.8 haipokei marekebisho ya usalama tangu Oktoba 2024, kwa hiyo mashine hizo zifundishie, msiweke humo mishahara wala matokeo ya wanafunzi. Karibu kila kitu cha sekondari mtakifundisha humo bila tabu. Mtakapokwama ni kwenye mifano ya vitabu vipya inayotumia match, kwa kuwa hiyo iliingia na 3.10. Mashine itasema sintaksia ni batili, na mwanafunzi atataka kufuta Python. Mwambie aandike if na elif.